Seva ya kati si anasa

Programu nyingi za mauzo zinazofungwa kwenye Windows hukagua kuingia kwa njia fupi, bila seva ya kati. Zinaunganika na hifadhidata (MySQL au SQL Server) moja kwa moja, zinavuta rekodi ya mtumiaji, zinalinganisha nenosiri, kisha zinaandika 1 kwenye kolamu ya is_logged_in. Akitoka, 0. Njia hii ina haki yake. Duka lenye mashine tatu halitaki mzigo wa ziada, na ofisi yenye Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti za watumiaji wa mtandao, inaweza kuiachia SQL Server imtambue mtu kwa akaunti yake ya Windows, bila nenosiri la hifadhidata kuwekwa popote kwenye programu.

Wengi hawana Active Directory. Kwao nenosiri hilo hukaa kwenye faili la mipangilio au ndani ya .exe (faili la programu yenyewe), na programu ya C# ikifunguliwa kwa ILSpy, zana ya kurudisha programu kuwa msimbo, msimbo wake husomeka karibu kama ulivyoandikwa. Kulisimba hakuokoi kitu, maana ufunguo wa kulifumbua umo humo humo. Aliyelipata hana haja tena na dirisha lako la kuingilia: anasoma jedwali zima la watumiaji na kujipa cheo cha meneja. Kwiri zenye parameta huzuia SQL injection, yaani kupenyeza amri za SQL kupitia visanduku vya kujaza, lakini hazimzuii huyu mwenye nenosiri la hifadhidata.

Na ile kolamu? Umeme unakatika keshia akiwa ndani, 1 inabaki palepale. Asubuhi anaambiwa tayari ameingia kwenye mashine nyingine. Fundi anapigiwa simu, anarudisha 0 kwa mkono. Baada ya wiki kadhaa anachoka, anaweka mstari unaorudisha 0 kwa wote kila programu inapowashwa. Tangu siku hiyo kolamu haikagui chochote.

Seva ya kati ni programu ndogo inayosimama kati ya mashine za watumiaji na hifadhidata. Hupokea nenosiri la mtumiaji kupitia TLS (mawasiliano yaliyosimbwa), hulipima dhidi ya heshi yake ya Argon2id, yaani alama isiyorudishika kuwa nenosiri (OWASP, shirika la usalama wa programu, wanashauri angalau MiB 19 za memori na mizunguko 2), kisha hutoa tokeni ya nasibu ya baiti 32, ambayo programu huionyesha kwa kila ombi badala ya nenosiri. Jedwali la vikao (kila kuingia ni kikao kimoja) hutunza heshi ya tokeni hiyo, ya aina ya SHA-256, na muda wa mwisho kusikika. Programu hupiga hodi kwa seva kila sekunde 60. Kikao kilichokaa kimya dakika 3 kimekwisha. Saa inayohesabiwa ni ya seva, kwa sababu saa ya mashine ya keshia hurudishwa nyuma na yeyote mwenye ruhusa za msimamizi. Umeme ukikatika, kikao hujifia chenyewe. Mtu akiachishwa kazi, rekodi yake ya kikao inafutwa na ombi lake linalofuata linakataliwa.

Kinachowatisha wengi ni kununua mashine ya pili, nayo haihitajiki. Seva hii hukaa kwenye mashine ile ile ya hifadhidata. Weka bind-address iwe 127.0.0.1 kwenye MySQL, ili isikilize mashine yake yenyewe tu, ufunge poti 3306 (mlango wa MySQL) kwa mtandao, na kwa kuwa nenosiri la zamani la hifadhidata limeshasambaa kwenye kila .exe, libadilishe siku hiyo hiyo.