Buti za kamba Kyoto? Mtakoma!

Watu wanapanga safari ya wawili mwaka mzima, halafu mmoja anatua Kyoto, Japani, na buti za kamba mpaka juu ya kifundo. Jamani! Hekalu la Ryoan-ji, unavua viatu. Kasri la Ninomaru pale ngome ya Nijo-jo, unavua. Hekalu la Tenryu-ji ukitaka kuingia majengoni, unavua. Mahekalu manne kwa siku ni kufungua na kufunga mara nane, mguu mmoja hewani, foleni nyuma inakohoa. Mwenzako mwenye raba za kuchomeka mguu tu keshafika kwenye bustani ya Ryoan-ji, anahesabu mawe 15 peke yake (ataona 14, ndivyo yalivyopangwa).

Na kuvua kwenyewe kuna namna. Mlangoni pana sakafu ya chini, kisha kipandio. Kiatu kisikanyage juu, soksi isiguse chini: chomoa mguu, uweke juu moja kwa moja, kisha mwingine. Wengi huvua vyote, wakasimama chini na soksi kutafuta rafu, halafu wanapandisha vumbi lote. Ukipewa mfuko wa plastiki, beba viatu vyako. Ukipewa ndara, ziache kabla ya mkeka wa tatami; na zile za chooni zibaki chooni, tafadhali!

Soksi je? Januari mbao zile ni barafu, vaeni nzito. Na kagueni vidole hotelini, maana tobo la soksi halina pa kujificha.