Piga Hesabu Mpaka Pesa Ifike Mkononi

Wafanyabiashara wadogo wa Lubumbashi wanaouza kwa WhatsApp na Facebook huuliza karibu wote swali moja: ni kampuni gani ya malipo inayokata asilimia ndogo zaidi? Kwa maoni yangu swali hilo linaanzia pasipofaa, kwa sababu asilimia ni sehemu tu ya makato, na kwa anayeuza vitu vya dola tano au kumi mara nyingi si sehemu inayouma zaidi.

Tuchukue bei za Marekani, ambazo ndizo zinazotajwa sana katika video za mafunzo wanazotazama vijana wetu. Huko Stripe, kampuni inayopokea malipo ya kadi mtandaoni, hutoza kwa kawaida asilimia 2.9 pamoja na senti 30 kwa kila malipo ya kadi, ilhali malipo ya PayPal hutozwa asilimia 3.49 pamoja na senti 49. Kwa kuangalia asilimia pekee, tofauti haifiki hata moja. Lakini muuzie mtu hereni za dola 5, na Stripe itabaki na karibu senti 45, yaani takriban asilimia 9 ya bei, huku PayPal ikichukua senti 66, zaidi ya asilimia 13. Muuzie huyohuyo suti ya dola 100, makato yatakuwa dola 3.20 kwa ya kwanza na dola 3.98 kwa ya pili. Ndiyo maana muuza simu anaweza kuisifu huduma ambayo itamfilisi jirani yake muuza hereni, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Isitoshe, Stripe haifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Kongo. Wapo wanaosajili kampuni nje ili kuipata, na sioni faida yake kwa mwenye duka dogo: ataongeza gharama za usajili na hesabu za kodi za nchi nyingine, kisha kadi za wateja wetu zitahesabiwa kuwa za kigeni na kutozwa zaidi.

Kwetu malipo ya mbali hupita zaidi kwenye M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na hapo gharama kubwa hujificha kwenye kutoa pesa. Mteja wa Katuba anatuma dola 10 kamili. Muuzaji anakwenda kwenye kabini, yaani kibanda cha wakala wa pesa za simu, anakatwa ada ya kutoa, na wakala, ambaye siku hiyo hana dola, anampa faranga kwa kiwango chake mwenyewe. Kesho yake muuzaji anahitaji dola za kulipia mzigo uliopitia mpaka wa Kasumbalesa, anazinunua kwa mbadilishaji wa barabarani kwa kiwango kingine, tena akiombea noti isiwe na mpasuko, maana itakataliwa. Ada ya kutoa inaonekana kwenye ujumbe wa simu. Hasara ya kubadilisha mara mbili haiandikwi popote, na katika madaftari mengi ya mauzo haimo kabisa.

Wengi hujikinga kwa kumwambia mteja aongeze pesa ya kutoa. Sipendi desturi hiyo. Mteja aliyeona bei ya dola 10 hutakiwa kutuma zaidi baada ya kukubaliana, na mabishano yanaanza upya. Afadhali makato yaingizwe ndani ya bei tangu mwanzo. Njia bora zaidi ni kutotoa pesa hiyo hata kidogo pale inapowezekana: muuzaji wa jumla alipwe moja kwa moja kutoka kwenye simu, dola zikitoka kwenye akaunti ya dola na faranga kwenye ya faranga. Atakayekubali kulipwa hivyo anaweza kuwa na thamani kuliko yule anayepunguza bei kidogo lakini anadai noti mkononi.

Anayefikiria kujiunga na kampuni ya kati, ile inayokusanya malipo ya mitandao yote pamoja na kadi, aulize pesa yake hukaa humo siku ngapi kabla ya kumfikia, kwani mtaji uliolala ni bidhaa ambazo hazikununuliwa. Aulize pia kinachotokea mteja akirudishiwa pesa. Stripe na PayPal hazirudishi ada iliyokwisha kukatwa, hata mauzo yakivunjika. Kwa muuza viatu, ambaye saizi zisizomkaa mteja ni jambo la kila wiki, sharti hilo moja linaweza kupindua ulinganisho wote.