Mafunzo ya uongozi kwa mabinti: tunawaandaa kwa jukwaa, mchujo uko kwa wajumbe

Mafunzo mengi ya uongozi kwa mabinti wanaotaka siasa Tanzania huchukua siku 2 au 3, na mengi hufanyika mwaka wa uchaguzi. Washiriki hujifunza haki zao, usawa wa kijinsia, kujiamini na kuzungumza mbele za watu. Wiki chache baadaye huchukua fomu, wakashindwa kwenye kura za maoni, ambako wajumbe wa chama humchagua wa kumpendekeza, kabla hawajapanda jukwaa hata moja.

Wanaoyapinga wana hoja nzito. Kijana wa kiume, wanasema, haulizwi kama amejengewa uwezo. Anapita kwa sababu ana fedha, ana mtandao wa wajumbe, na vikao vya usiku havimletei maneno mtaani. Ukimwambia binti tatizo lake ni kujiamini, umemtwisha lawama ya mfumo. Matokeo ya 2020 yanawaunga mkono: majimbo yalikuwa 264 na wanawake walioshinda ni 26 tu, huku wabunge wa viti maalum, yaani viti vya wanawake vinavyogawiwa vyama bila kugombea jimbo, wakiwa 113. Wanawake hao 113 walikuwa na uwezo wa kukaa bungeni. Kwenye jimbo ndiko njia ilikobana.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini inaruka jambo moja. Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea ubunge awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama. Mgombea binafsi hayupo. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni wajumbe wa chama, na namna ya kuupita inafundishika. Shida ni kwamba mafunzo mengi hayaifundishi.

Chukua fomu ya uteuzi. Mgombea ubunge anahitaji wadhamini wasiopungua 25, wapiga kura walioandikishwa katika jimbo lake, anakula kiapo mbele ya hakimu, na anarudisha fomu kabla ya saa 10:00 jioni siku ya uteuzi. Kwa maelezo ni jambo dogo. Kwa utendaji, makosa huwaangukia wanawake zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mwanamke aliyeolewa mtaani anajulikana kwa jina la mume, kadi ya mpiga kura ina jina la baba, cheti cha shule kina herufi tofauti. Akiandika jina moja kwenye fomu na jingine kwenye kiapo, amemkabidhi mpinzani wake pingamizi. Nusu siku nzima ya mafunzo ingefaa kwenda hapa: kila mshiriki alete kadi, kitambulisho na vyeti vyake, ajaze fomu ya mfano kwa mkono wake, mwenzake aikague kama msimamizi wa uchaguzi. Akusanye wadhamini 35 badala ya 25, na namba za kadi zao zihakikiwe moja moja, maana mmoja akikataliwa dakika za mwisho hakuna muda wa kutafuta mwingine.

Tuwe wakweli pia. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa madai ya makosa ya fomu, na vyama vikalalamika kwamba makosa hayo yalikuwa kisingizio. Fomu safi haimlindi mtu pale ofisi inapofungwa asiweze kuirudisha. Hapo wakosoaji wa mafunzo wako sahihi kabisa.

Fedha nazo zinahitaji kalamu na karatasi. Jimbo lenye kata 18, ukizitembelea mara 2 kila moja, ni safari 36 kabla hujanunua hata chupa ya maji. Binti ajue nauli ya bodaboda ya kila kata, aamue mapema zipi ataanza nazo, na ajifunze kumjibu anayemwomba "ya soda". Mahakama Kuu ilibatilisha takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapiga kura, mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikaja 2010, lakini mkono unaonyooshwa bado upo, na asiye na jibu tayari hutoa, au hukimbia kikao.

Kuna swali jingine ambalo wajumbe humuuliza mwanamke kila mara: "Umeolewa huku, wewe ni wa kwetu?" Akirudi kwao anaambiwa ameshaondoka. Hili halitibiwi kwa somo la kujiamini. Linatibiwa kwa miaka ya kuonekana: kwenye msiba, kwenye kamati ya shule, kwenye mkutano wa kijiji. Ndiyo maana mafunzo yanayofanyika miezi 2 kabla ya kura za maoni yamechelewa, hata yakiwa mazuri.

Rushwa ya ngono itajwe kwa jina lake. Ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Mshiriki aondoke akijua kutunza ujumbe wa simu bila kuufuta, kuandika tarehe na mahali, na kupiga 113, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.

Viti maalum ni suala gumu zaidi. Vimefungua milango: Rais Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum, akagombea jimbo la Makunduchi 2010 na kushinda. Lakini mbunge wa viti maalum hawezi kuwa Waziri Mkuu, kwa kuwa ibara ya 51 inataka mbunge wa jimbo, na hana Mfuko wa Jimbo, fedha za miradi ya maendeleo ya jimbo, wa kuonyesha kazi yake. Mafunzo yanayomwelekeza binti kwenye orodha ya chama peke yake yanamwacha akitegemea anayepanga majina. Kwa maoni yetu, viti maalum vifundishwe kama muhula wa kujiandaa, na tangu mwaka wa kwanza awe na jimbo analolilenga.

Pa kuanzia ni chini zaidi. Mwaka 2019 wanawake walikuwa asilimia 2.1 tu ya wenyeviti wa vijiji. Zoezi bora kuliko hotuba ya darasani ni kumpeleka binti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, asome taarifa ya mapato na matumizi, aulize swali moja kuhusu mstari mmoja, afuatilie jibu hadi mkutano unaofuata, miezi 3 baadaye. Wanakijiji humkumbuka aliyeuliza fedha za kisima zilikwenda wapi. Na wajumbe wa chama nao wakae darasani, kwa sababu wao ndio wanaouliza nani atabaki na watoto.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024, na kwa mzunguko wa miaka 5 unaofuata ni 2029. Binti aliyepiga kura yake ya kwanza 2024 akiwa na miaka 18 atakuwa na 23, ameshavuka umri wa kugombea. Semina yake ilipaswa kuanza siku masanduku yale yalipofungwa.