Vijiji vya Pangani: mtumishi akae, au awe anakuja?

Mto Pangani unaigawa wilaya ya Pangani, mkoani Tanga. Mji na hospitali ya wilaya viko ukingo wa kaskazini. Bweni, Mwera, Ushongo, Kipumbwi na Mkwaja ziko ng'ambo ya kusini, na kwa miaka mingi watu wamevuka kwa kivuko. Kwa hiyo swali la kama kijiji kidogo kinastahili mtumishi wa serikali anayeishi hapo hapo mwaka mzima, huku kwetu si swali la makaratasi.

Wanaotaka watumishi wakusanywe sehemu moja na vijiji vihudumiwe kwa ratiba wana hoja nzito. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Kujenga zahanati ni kazi ya miezi. Kumpata mkunga na kumbakiza ni kazi ya miaka, na ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, haijai. Mtumishi aliyeachwa peke yake ndiye tabibu, ndiye mkunga, ndiye mtunza dawa na ndiye mjaza rejista. Akiugua au akiitwa semina, mlango unafungwa. Kuwaweka wanne pamoja katika kituo cha kata na kupeleka huduma za mkoba vijijini, yaani wahudumu kuzifuata jamii kwa siku zilizopangwa, kunaweza kumpa mwananchi huduma iliyo bora zaidi. Chanjo, kupima uzito wa watoto, elimu ya lishe: haya yana tarehe. Mama akiambiwa Jumanne, atakuja Jumanne.

Ipo pia hoja ya mtumishi mwenyewe, nami naipa uzito kuliko ya bajeti. Kijana katoka chuo, TAMISEMI imempangia kijiji asichokijua, nyumba ya mtumishi hakuna, mwenza wake anafanya kazi mkoa mwingine. Si haki kumwita mvivu anapoanza kuandika barua za uhamisho.

Lakini uzazi hauna ratiba. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Oksitosini, dawa ya kuzuia damu hiyo, hutunzwa kwenye jokofu kati ya nyuzijoto 2 na 8, na inahitaji mtu anayejua lini aichome na achukue hatua gani damu isipokoma. Namba 115 ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga ni msaada mkubwa, na kila kaya iijue. Hata hivyo gari linafupisha safari tu. Anayeanza kuizuia damu lazima awe tayari kijijini usiku ule, na hapo huduma ya mkoba haina jibu. Mradi wa barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo ni neema kwa vijiji vya ng'ambo, ila nao haumwondolei mtu haja ya mkunga wa karibu.

Kada inayosahaulika katika mjadala huu ni mtendaji wa kijiji. Yeye ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji, chombo ambacho Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekikabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji. Katika wilaya kama Kilindi na Handeni, ambako mkulima na mfugaji wanagombea ardhi na maji, mtendaji anayekaimu vijiji viwili hufika ugomvi ukiwa umeshakuwa mkubwa. Na mwananchi anayehitaji barua ya utambulisho anakodi bodaboda kufuata muhuri.

Watendaji wengi wa zamani walikuwa wenyeji waliomaliza darasa la saba. Serikali ikataka wanaoajiriwa baada ya Mei 20, 2004 wawe na kidato cha nne. Katika uhakiki wa vyeti vya watumishi waliondolewa hata baadhi ya waliotangulia tarehe hiyo, mpaka 2018 ikaagizwa warudishwe. Elimu ni sharti la haki. Ila leo vijana wa kidato cha nne wapo vijijini kwao, na sioni kwa nini nafasi ya Mkwaja ijazwe na mtu anayehesabu siku za kuondoka.

Msimamo wangu basi hauko katikati kabisa. Afisa ugani na afisa maendeleo ya jamii wanaweza kukaa kwenye kata wakazunguka, mradi wana pikipiki na mafuta. Mkunga na mtendaji wakae kijijini. Na mkunga asiwe mmoja: wawe wawili wanaopokezana, hata kama maana yake ni kuchelewesha zahanati mpya mahali pengine. Halmashauri ikiwa na fedha ya kitu kimoja tu mwaka huu, ijenge nyumba ya familia mbili kando ya zahanati, yenye umeme na maji, kabla ya kufikiria posho.