Omaha ya ana kwa ana: mpinzani anayelipa hapigwi mkwara

Omaha ni poka ambayo kila mchezaji ana karata nne mkononi, na mkono wake wa karata tano hutumia mbili kati ya hizo na tatu za mezani. Mchezaji dhaifu wa mchezo huu mtandaoni unamjua kwa kulipa kwake, yaani kufikia dau la mwenzake badala ya kutupa karata. Analipa kabla ya flopu (karata tatu za kwanza za mezani) akiwa na karata nne zisizoshikana, analipa kwenye flopu kwa jozi mbili ndogo, kisha karata ya mwisho analipa dau la poti nzima, yaani sawa na pesa yote iliyokusanywa katikati, akiwa na flashi (karata tano za rangi moja, kama kopa) ambayo kubwa yake ni 9. Cha kusikitisha, wengi wanaokaa naye ana kwa ana wanajaribu kumpiga mkwara, yaani kumtishia kwa dau bila mkono mzuri ili atupe. Hilo ni kosa la hesabu. Poti ikiwa 18 nawe ukatishia kwa 18, lazima atupe karata zaidi ya nusu ya mara ndipo upate faida. Kama anatupa mara 3 kati ya 10, kila jaribio linakugharimu wastani wa 7.2.

Video za mwaka 2009 za Viktor Blom na Patrik Antonius, wachezaji wa madau makubwa mtandaoni, ambako poti moja ya Omaha ilipita dola milioni 1.3, zimewafundisha wengi kuiga mikwara. Wale walikuwa wanaweza kutupa mkono mzuri. Mtu wa meza ndogo hatupi, na pesa yake unaichukua kwa kumtoza akiwa na mkono wa pili kwa ubora.

Na kumtoza kunaanza kabla ya flopu. Chukua meza ya limiti ya poti, ambako dau haliruhusiwi kuzidi poti, kila mmoja ana blaindi kubwa 100 (blaindi ni dau la lazima la kuanzia, na blaindi kubwa ndiyo kipimo cha namba zote hapa). Ana kwa ana, mwenye batani (alama ya mgawa karata) ndiye anayeweka blaindi ndogo: anatangulia kuamua kabla ya flopu, na kuanzia flopu anaamua wa mwisho. Akijazia tu bila kupandisha, poti inakuwa 2. Madau matatu ya poti nzima, kwenye flopu, karata ya nne na ya mwisho, ni 2, 6 na 18, jumla 26. Akipandisha hadi kikomo, yaani 3, flopu inakuja poti ikiwa 6, na madau yaleyale yanakuwa 6, 18 na 54. Jumla 78. Blaindi kubwa 2 zilizoongezwa mwanzoni zimezaa 52 mbele ya safari. Sasa pita kwenye flopu bila kuweka dau, kwa nia ya kumtega, na ile 78 inashuka hadi 24. Sioni mtego wa kufidia pengo hilo kwa mtu ambaye angelipa tangu mwanzo.

Kwa hiyo ukiwa kwenye batani pandisha mikono mingi, hata saba kati ya kumi. Tupa ile iliyokufa: 8-8-8-3, ambayo 8 ya tatu inakuibia karata uliyokuwa unaisubiri, au K-7-2-2 ya rangi nne tofauti. Ukiwa blaindi kubwa, punguza. Akipandisha hadi 3, ukamjibu kwa kupandisha hadi 9 naye akalipa, poti ni 18 na nyuma mmebaki na 91, mara tano tu ya poti, na wewe ndiye unayetangulia kuamua. A-A-K-Q yenye karata mbili za rangi moja na mbili za rangi nyingine inastahili hilo. A-A-7-2 isiyo na rangi inayolingana haistahili, maana flopu ya 9-8-6 ikija hujui pa kwenda na yeye hatatoka.

Kwenye flopu, hesabu karata unazosubiri, kisha uzichambue. Una 9-8-5-4, flopu ni 7-6-2 ya rangi tatu tofauti. Karata 20 zinakupa streti (karata tano zinazofuatana), na ukiziona karata zote mbili zilizobaki una karibu asilimia 70 ya kuipata. Lakini 14 tu ndizo zinazokupa streti ya juu kabisa kwa wakati huo: 10, 5, 4 na 3. Ikija 8, mwenye 10-9 anakupiga. Ikija 9, mwenye 10-8 anakupiga. Kwa zile 14, weka poti nzima bila kusita. Kwa 8 au 9, nusu ya poti inatosha, na akikupandishia, tupa.

Hapo kwenye kupandishiwa ndipo faida ya saa nzima hupotea. Mchezaji anayelipa tu hapandishi karata ya mwisho kwa burudani. Flashi ya K, fulihausi ndogo (karata tatu za namba moja na jozi), zote ziache. Yeye hulipa vibaya lakini hupandisha kwa ukweli.

Kanuni ya karata mbili za mkononi na tatu za mezani inamnasa mara kwa mara, hasa aliyetoka kwenye poka ya Texas Hold'em, ambako halazimiki kutumia mbili za mkononi. Kopa nne zikiwa mezani, ree (A) ya kopa peke yake mkononi haimpi flashi, na bado atalipa akiamini anayo.

Mtaji ndio unaohitaji uvumilivu. Hata ukiwa na asilimia 70, unapoteza mara 3 kati ya 10, na poti hizi ni kubwa. Weka akiba ya mitaji 50 ya meza unayocheza (mtaji mmoja ni pesa unayokaa nayo mezani), pesa ambayo nyumbani haina kazi nyingine. Soma pia makato ya tovuti kabla ya kukaa: makato ya asilimia 5 kwenye poti ya 20 ni blaindi kubwa 1 nzima, na nyinyi wawili ndio mnaoilipa, mkono baada ya mkono. Makato yasipowekewa kikomo kidogo ambacho hayawezi kukizidi, tafuta meza nyingine.