Namba Inayotiliwa Shaka Isitupwe

Mwezi Julai 1984, wanasayansi wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliokuwa wakichakata data za kifaa cha TOMS waliona jambo lisilo la kawaida. Kifaa hicho kilikuwa ndani ya setilaiti ya Nimbus 7, iliyorushwa Oktoba 1978, na kazi yake ilikuwa kupima ozoni, gesi ya juu angani inayotukinga na mionzi mikali ya jua, siku baada ya siku. Programu ya kuchakata vipimo ilikuwa imewekewa mpaka: kipimo chochote kilicho chini ya vizio 180 vya Dobson kitiwe alama ya shaka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupima ozoni ndogo kiasi hicho. Vizio 300, ambavyo ndivyo kiwango cha kawaida, ni sawa na ozoni tupu yenye unene wa milimita 3 tu ikikusanywa hapa chini ardhini. Sasa walipofika kwenye data za Oktoba 1983, alama za shaka zilikuwa zimejazana juu ya Antaktika.

Hapa ndipo simulizi maarufu inapopotoka. Inasemwa kila mahali kwamba kompyuta ya NASA ilizitupa namba hizo, na ndiyo maana shimo la ozoni, yaani upungufu ule mkubwa juu ya Antaktika, likakosa kuonekana. Si kweli. Namba zilitiwa alama, zikahifadhiwa, na watu wenye macho wakazifuatilia. Walifanya lile ambalo mtu makini hulifanya akitilia shaka chombo chake: walitafuta shahidi wa pili. Shahidi aliyekuwepo ni kifaa cha ardhini katika kituo cha Amundsen-Scott, Ncha ya Kusini, nacho kilikuwa kimeripoti vizio karibu 300. Setilaiti inasema chini ya 180, ardhi inasema 300. Nani aaminiwe? Baadaye ikabainika kuwa kifaa cha ardhini ndicho kilichokuwa kimetumiwa vibaya, kwa mawimbi ya mwanga yasiyo sahihi. Wakati NASA wakiendelea kuhakiki, Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walichapisha katika jarida la Nature, Mei 1985, vipimo vya kituo chao cha Halley, huko Antaktika, vilivyoonyesha ozoni ya Oktoba ikiporomoka mwaka hadi mwaka. Halley ilikuwa nukta moja kwenye barafu. Ramani za TOMS ndizo zilizoonyesha kuwa upungufu ule umefunika bara zima. Septemba 1987 Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kupunguza kemikali zinazoharibu ozoni, ikatiwa saini.

Nimeirudia habari hii kwa kirefu kwa sababu inabeba hoja yangu yote. Alama ya shaka kwenye data ya setilaiti ni wito wa kuchunguza. Anayeigeuza kuwa amri ya kufuta anaweza kufuta jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kupima. Mpaka wa 180 haukuwa wa kijinga. Uliwekwa kwa ujuzi wote uliokuwepo. Tatizo ni kwamba dunia ilikuwa imebadilika, na mpaka ulikuwa umechorwa kwa kufuata dunia ya zamani. Kila mpaka tunaouweka leo kwa mvua, joto la bahari au kijani cha nyasi una hatari hiyo hiyo, na hatari inazidi kadiri hali ya hewa inavyotoka kwenye mazoea.

Lakini upande wa pili nao una uzito wake, maana vyombo huharibika kweli. Kifaa cha OMI, cha kupima ozoni na uchafu wa hewa, kilichotengenezwa na Uholanzi na Ufini, kilipanda angani mwaka 2004 ndani ya setilaiti ya Aura. Kilibuniwa kutazama ukanda wa dunia wenye upana wa kilomita 2,600 kwa safu 60 zilizopangwa ubavu kwa ubavu, na mwanzoni kiliweza kuiona dunia yote kwa siku moja. Mwaka 2007 safu mbili zikaanza kutoa namba za ajabu. Mwaka uliofuata zikaongezeka, na mwaka 2009 zikaongezeka tena kwa wingi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kipande cha blanketi la kukinga joto kililegea nje ya kifaa, kikaziba sehemu ya dirisha lake na kuingiza mwanga wa jua usiotakiwa. Hakuna fundi wa kupanda huko kukibandika.

Waliobaki chini walifanya kazi ambayo kwa maoni yangu haijapewa heshima inayostahili. Walifuatilia safu moja moja, mzunguko hadi mzunguko, wakaandika tangu lini imeathirika, katika sehemu gani ya obiti (njia ya setilaiti kuizunguka dunia), na kwa namna gani: imezibwa, au imeingiliwa na mwanga wa jua. Yote hayo yakawekwa kama tabaka la alama ndani ya kila faili. Kwa sababu ya kazi hiyo, safu zilizobaki nzima ziliendelea kuaminika kwa miaka mingi, na kifaa kilichotangazwa kuwa na kasoro kikaendelea kuwa miongoni mwa vyombo vikuu vya kupima uchafu wa hewa mijini. Kasoro iliyoandikwa vizuri haikukiua. Kama ingefichwa, au ingetajwa kwa sentensi moja tu ya jumla, kila ramani ya OMI ya baada ya 2007 ingekuwa na ubishi.

Sisi tuliofanya kazi na picha za setilaiti ya Landsat 7 za Afrika Mashariki tunaijua hali hiyo kwa macho. Baada ya tarehe 31 Mei 2003, kifaa cha kunyoosha mistari ya upigaji picha kilipokufa, kila picha iliyopigwa ina michirizi mitupu ambayo ni mipana pembeni na hupungua kuelekea katikati. Karibu asilimia 22 ya kila picha haipo. Ule mchirizi mweusi ni mwaminifu, kwa kuwa unakwambia waziwazi: hapa sikuona. Ninachokihofia ni michirizi iliyojazwa kwa kukadiria kutoka pikseli (vijipande vidogo vinavyounda picha) za jirani, kisha ramani ikachapishwa bila kusema wapi palionekana na wapi palikisiwa. Msitu unaokatwa vipande vidogo vidogo unaweza kupotea wote ndani ya ujazo huo.

Na kuna kosa dogo linaloniumiza zaidi, kwa sababu ni rahisi kuliepuka. Data za kijani cha mimea za MODIS, kifaa kingine cha setilaiti, huja zikiwa zimezidishwa kwa 10,000, na pikseli isiyo na kipimo hupewa namba -3000. Ni namba ya kuweka alama tu, haina maana ya mimea. Mtu asiyesoma maelezo anagawanya kila kitu kwa 10,000, akipata -0.3, halafu anaiingiza kwenye wastani. Chukua pikseli tisa zenye kijani cha 0.5, ongeza moja ya namna hiyo: wastani unashuka hadi 0.42. Kwenye ramani inaonekana malisho yamepungua kwa asilimia 16, na ukweli ni kwamba nyasi hazijabadilika hata kidogo. Katika faili hilo hilo kuna tabaka la uhakika wa pikseli, namba chache tu: 0 ni nzuri, 1 itumiwe kwa uangalifu, 2 ni theluji au barafu, 3 ni wingu. Kulisoma ni kazi ya dakika chache.

Kwetu hili si suala la darasani. Tangu Januari 2010, Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kumekuwa na bima ya mifugo iliyoanzishwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na washirika wake. Bima hiyo haihesabu mizoga. Inaangalia kijani cha malisho kutoka setilaiti, na kikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, mfugaji analipwa. Kwa mpango wa namna hiyo, pikseli yenye wingu iliyohesabiwa kama nyasi, au nyasi zilizohesabiwa kama ukame, ni hela ya mtu na ngamia wake.

Lipo pia kosa ambalo alama ya pikseli moja moja haiwezi kulinasa. MODIS ya setilaiti ya Terra ilizeeka polepole, hasa kihisi chake cha mwanga wa buluu, na katika Toleo la 5 la data hali hiyo ilifanya mimea ionekane ikipungua mahali ambapo haikupungua kiasi hicho. Iligundulika kwa kuilinganisha na pacha wake aliye kwenye setilaiti ya Aqua, na Toleo la 6 likaja na marekebisho. Kila pikseli ya Terra, ukiitazama peke yake, ilikuwa inaonekana safi. Shahidi wa pili tena.

Kwa hiyo nasisitiza mambo haya kwa taasisi zetu zinazotoa ramani za ukame, mafuriko na mazao. Kila ramani iseme, kwenye ukurasa huo huo, imetumia toleo gani la data, na ni asilimia ngapi ya pikseli za kila wilaya iliyoondolewa au kujazwa kwa makadirio. Wilaya iliyopoteza nusu ya pikseli zake kwa mawingu isipakwe rangi nyekundu ileile, kwa uhakika uleule, kama wilaya iliyoonekana yote. Pikseli zilizoondolewa zihifadhiwe pamoja na sababu zake, ili mwakani mtu aweze kuzirudia. Vituo vya hali ya hewa vya ardhini, vile vya wilayani vyenye kipimamvua na mtu mmoja wa kukisoma, vipewe bajeti ya kuendelea, kwa sababu wao ndio Halley yetu. Na afisa anayeona namba za setilaiti hazifanani na hali ya eneo lake awe na mahali pa kupeleka taarifa hiyo, na jibu limrudie.