Bustani za Nane Nane msizipite

Mwandishi wa makala yenu kuhusu Nane Nane, maonyesho ya wakulima hapa Nzuguni, Dodoma, kaeleza vizuri matrekta na mifugo, ila bustani za nyumbani kazipita mbio. Mimi huko ndiko nilikomalizia siku. Kuna kiroba kimejazwa udongo na samadi, katikati nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, ubavuni matundu, na kila tundu lina mche wa chainizi. Mama wa banda lile alichomeka kidole tunduni akanionyesha unyevu ulivyofika. Kwa sisi wapangaji, uani hakuna hata hatua tano, hili ni jambo kubwa sana! Nendeni asubuhi, kabla ya jua na vumbi. Tarehe 8 Agosti yenyewe watu hufurika, hata swali huulizi.